Mtafiti Naye Apige Hodi

Mwaka 1825 Royal Institution ya London ilianza mihadhara ya sayansi ya kila Krismasi kwa ajili ya vijana. Miaka ya baadaye Michael Faraday alisimama pale akawasha mshumaa, akawaeleza watoto jinsi nta inavyoyeyuka na kupanda utambini hadi ikageuka mwanga. Naiheshimu kazi ile. Bingwa wa maabara aliamini kuwa mtoto yeyote, akielezwa vyema, ataelewa. Vituo vikubwa vya utafiti duniani vimeurithi mtindo huo: siku moja milango hufunguliwa, wanafunzi wakachungulia darubini, wakarudi kwao wamefurahi. Lakini humo msemaji ni mmoja. Wengine wote kazi yao ni kustaajabu.

Pwani tuna mila nyingine ya kumpokea mwenye elimu. Mgeni hupiga hodi, huketishwa barazani, hujulishwa kwa wazee, na shida yake husikilizwa mbele ya watu. Anaweza kukubaliwa, anaweza kukataliwa. Akipewa alichokijia, anadaiwa jawabu. Kwangu mimi, kipimo cha haki cha kituo chochote cha utafiti kilichojengwa baina ya watu ni hicho.

Waliokaribia kukifikia ni wa Kilifi. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust kipo pale tangu 1989, ubavuni mwa hospitali ya umma, na kwa muda mrefu wakazi wengi walikiona kuwa sehemu ya hospitali tu. Kisha mtoto anatolewa damu, na mama hajui inapelekwa wapi. Katika pwani iliyolelewa na hadithi za mumiani, mnyonya damu za watu, minong'ono haikukawia. Katikati ya miaka ya 2000 kituo kikaweka wawakilishi wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, ambao si waajiriwa wake. Hawa huelezwa utafiti, hupeleka habari vijijini, na hurudi na malalamiko. Fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili na Kigiriama. Watoto wa Kilifi walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na hakuna anayeweza kusema kwamba watu wale walikuwa watazamaji.

Hata hivyo, swali lilikuwa limeshaandikwa kabla ya hodi kupigwa. Mwanakijiji aliulizwa kama anakubali. Ni nadra kuulizwa angependa kipi kichunguzwe.

Hapa bara ya Mombasa tunaye jirani mkubwa: makao makuu ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoundwa mwaka 1979, yapo Mkomani. Wavuvi wanaijua kupitia bandarini. Samaki hulazwa juu ya ubao wa kupimia, kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili, urefu ukaandikwa, akatiwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa, kisha karatasi ikaondoka. Mvuvi amesimama pembeni, samaki wake anaharibika juani. Anastahili kuambiwa zile tarakimu zilisema nini juu ya kina anachotega kila siku.

Na taasisi hiyo inajua kufanya hivyo. Vuka feri ya Likoni, shika barabara ya Lungalunga hadi Gazi, uone Mikoko Pamoja. Mradi ulianza 2013 kwa msaada wa watafiti wake: wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, hewa ukaa inayohifadhiwa inauzwa, na fedha zikaenda kwenye maji na shule. Mwenyeji pale ameketi mezani.

Lakini mfano unaonigusa zaidi haukuanzia maabara yoyote. Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani, ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido aliajiriwa humo kushughulikia uhusiano na jamii. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha madini ya risasi mwilini. Akaanza kuuliza kwa ajili ya mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Swali walikuwa nalo miaka na miaka. Walichokosa ni mlango wa kulipeleka.

Vyuo vikuu vya Uholanzi viliufungua mlango kama huo miaka ya 1970: ofisi ambamo chama cha wakazi au cha wafanyakazi wanyonge hupeleka swali, na wanafunzi wakalifanyia utafiti bila kudai pesa. Huko aliyepiga hodi ni raia, na mwenye maabara ndiye aliyeinuka kumfungulia.

KMFRI pale Mkomani wanaweza kuanza na meza moja na daftari. Mama wa Mikindani aulize kama kaa wa Hori ya Tudor wanalika. Mvuvi wa Mtongwe aulize samaki wamehamia wapi tangu bandari ichimbwe kina. Wa Port Reitz aulize mikoko iliyokufa kwa mafuta yaliyomwagika Aprili 2005 imeota tena kiasi gani. Kila mmoja aandikiwe tarehe ya kurudi kuchukua jawabu.