Nairobi hadi New York: Umbali wa safari na hesabu ya saa

UMBALI wa kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Hadi mwaka wa 2018, abiria waliosafiri baina ya miji hii walilazimika kubadilisha ndege njiani, wengi wao wakipitia London, Amsterdam au Dubai. Hali hiyo ilibadilika Oktoba 28, 2018, wakati shirika la Kenya Airways lilipozindua safari ya moja kwa moja kwa kutumia ndege aina ya Boeing 787.

Kwenda huchukua takriban saa 15, ilhali kurudi ni takriban saa 14. Tofauti hiyo husababishwa na upepo wenye nguvu uvumao angani, juu ya bahari ya Atlantiki, kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ndege iendayo Marekani hupambana nao, nayo irudiyo Kenya husukumwa nao.

Uwanja wa Jomo Kenyatta nao una taathira yake. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Jua linapowaka, hewa hiyo huzidi kuwa nyepesi na ndege iliyojaa mafuta hupata taabu kupaa. Ubaridi wa usiku hupunguza tatizo hilo.

Jambo linalowatatiza wasafiri wengi ni hesabu ya saa. Nyakati zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika: saa ya kuondoka ni ya kule ndege inakotoka, na ya kuwasili ni ya kule inakotua. Anayetoa moja kwa nyingine hupotoka.

Chukua mfano wa mwezi Januari, New York inapokuwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku, yaani 23:00, itatua New York saa kumi na mbili asubuhi ya siku ifuatayo. Kwa kutazama tiketi, mtu angedhani safari ni ya saa saba tu. Wakati huo, Nairobi ni saa nane mchana. Kinyume chake, ndege iondokayo New York saa sita mchana hufika Nairobi saa nne asubuhi kesho yake, kana kwamba imeruka saa 22.

Isitoshe, Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika kipindi hicho tofauti hupungua hadi saa saba, kwani Kenya haibadilishi saa zake.

Hivyo basi, mwenye kuunganisha ndege, au jamaa anayekwenda kumlaki mgeni, ni heri athibitishe saa na pia tarehe ya kuwasili. Kukosea tarehe ni kumkosa mgeni.