Kabla ya Roboti ya Nyasi, Meru Ilishajua Siri ya Betri

Siku hizi video za roboti za kukata nyasi zimejaa kwa simu, na kila mtu anauliza swali moja: betri inakaa saa ngapi? Mimi nasema hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili watu wa Meru na Embu waliilipia pesa zao zamani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1984, shule ya Karamugi Harambee kule Meru ilikuwa mbali na laini za stima, na mpango ulikuwa kununua jenereta. Mwalimu Mmarekani, Mark Hankins, akaishawishi shule ijaribu sola, na mhandisi Harold Burris akaifunga. Mafundi wa pale wakajifunza kazi. Miaka iliyofuata, wakulima wa chai na kahawa wakanunua paneli kwa pesa zao wenyewe, bila kungoja msaada.

Lakini betri ilitangulia paneli. Nyumba nyingi ziliwasha tivi kwa betri ya gari. Chaji ikiisha, betri inapandishwa matatu hadi mjini, inachajiwa, inarudi. Tivi inawaka siku chache, halafu safari inaanza upya.

Shida ni kwamba betri ya gari imeundwa kupiga stata: nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha injini inairudishia chaji. Ukiinyonya kila wiki hadi tivi ijizime, inakufa mapema. Kifaa cha kuikinga kipo, kinaitwa kidhibiti chaji, lakini wengi walikiruka ili kupunguza gharama. Basi kidhibiti kikawa mama wa nyumba, yule anayezima tivi kabla mechi haijaisha na watoto wananuna. Alikuwa anaokoa betri!

Sasa angalia roboti. Husqvarna ya Uswidi ilitoa yake ya kwanza mwaka 1995, ikitumia sola. Mwaka 1998 ikaja Automower ya betri. Ujanja wake ni huu: chaji ikishuka, inaacha nyasi na kurudi yenyewe kwenye kituo chake cha kuchajia. Kazi ile ile ya mama, ila sasa inafanywa na kompyuta.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu hata leo muuzaji atakusifia wati za paneli kutwa nzima na betri aitaje mwishoni, kama kiberiti cha kuongezewa dukani. Na betri ndiyo hufa kwanza. Ikifa, bonasi ya chai imeenda nayo.

Kwa hivyo iwe ni sola ya nyumba, pikipiki ya umeme au hiyo roboti, usiishie kwa saa ngapi. Uliza inaruhusiwa kushuka hadi wapi, ni kitu gani kitaizuia isivuke hapo, na je, waranti ni ya betri au ya paneli peke yake? Akibabaika, funga pochi uende zako.