HISTORIA YA MAZIWA YA MAMA, SEHEMU YA 6: Kemikali zilizosafiri na upepo mpaka kwenye barafu

Wengi mnaniuliza: kwa kemikali zote hizi zilizojaa duniani, maziwa yangu ni salama kweli kwa mtoto? Swali hilo lina historia, na inaanzia mbali sana, kwenye barafu. Tulia, usome mpaka mwisho.

Miaka ya 1980, daktari wa Quebec, Kanada, aitwaye Éric Dewailly, alikuwa anapima kemikali za viwandani kwenye maziwa ya akina mama wa kusini mwa jimbo hilo. Akahitaji maziwa safi ya kulinganishia. Akayatafuta kwa Wainuit wa Nunavik, kaskazini kabisa, kusiko na viwanda wala mashamba ya kupulizia dawa.

Majibu yakaja kinyume. Maziwa ya Nunavik yalikuwa na PCB, kemikali iliyotumika sana kwenye mafuta ya transfoma za umeme, karibu mara 5 zaidi ya yale ya kusini!

Zilifikaje huko? Fikiria sufuria ya wali uliyoifunika. Mvuke unapanda, unakutana na mfuniko wenye baridi, unageuka matone. Kemikali hizi nazo hupanda kwa joto, hupeperushwa na upepo, hutua, hupanda tena, mpaka zikutane na baridi kali ya kaskazini. Huko zinatua na kubaki.

Tena haziozi upesi, na hupenda mafuta kuliko maji. Vijidudu vya baharini vinazimeza, samaki wanakula vijidudu, sili wanakula samaki, na kila hatua zinazidi kujikusanya. Wainuit tangu enzi za mababu wanakula sili na nyangumi. Mama akinyonyesha, sehemu ya mafuta yaliyohifadhiwa mwilini mwake inaingia kwenye maziwa, na kemikali zinafuata humo humo.

Sasa ilibidi kuthibitisha kwamba hewa ndiyo inayozibeba. Mwaka 1991 nchi 8 za ukanda wa Aktiki zilianzisha mpango wa pamoja wa kupima uchafuzi. Mwaka 1992 Kanada ikaanza kupima hewa kila wiki huko Alert, kituo kilicho kama kilomita 800 tu kutoka Ncha ya Kaskazini. Kazi yenyewe ni ya subira: pampu inavuta hewa kwa wiki nzima kupitia chujio na sponji, kisha vyote vinapelekwa maabara kusini. Norwe nao wanapima kwenye mlima Zeppelin, visiwani Svalbard. Wakazikuta: dawa za kuua wadudu ambazo hakuna mkulima wa kuzitumia huko, zimo hewani.

Ndipo hadithi inapofika kwetu. Januari 1999 mataifa yalikutana Nairobi kujadili mkataba wa kuzidhibiti. Sheila Watt-Cloutier, mama wa Kiinuit, alikuja na sanamu ya jiwe ya mama na mtoto, akaikabidhi kwa mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Ikawekwa mezani kwa mwenyekiti wa majadiliano, kila mjumbe aione.

Lakini palikuwa na mtihani mgumu. DDT iliyokuwa inafika kwenye maziwa ya Wainuit ndiyo hiyo hiyo iliyopuliziwa kwenye kuta za nyumba za nchi za joto kuua mbu wa malaria. Kumlinda mtoto wa kule kusije kukamwua mtoto wa huku! Watt-Cloutier alisema wazi kwamba Wainuit hawataunga mkono mkataba unaohatarisha watoto wa wengine. Mkataba ulipotiwa saini Stockholm, Mei 2001, ulidhibiti kemikali 12, na DDT ikaruhusiwa kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Ulianza kutumika tarehe 17 Mei 2004.

Je, umesaidia? Ndiyo, polepole. Pampu za Alert zimeonyesha kemikali nyingi za zamani zikipungua hewani, na damu ya akina mama wa Nunavik nayo imeonyesha PCB na DDT zikishuka sana. Mpaka leo dunia inaupima mkataba huo kwa vitu kama hewa, na maziwa au damu ya binadamu.

Sasa jibu la swali lenu. Hata Nunavik, wahudumu wa afya waliwashauri akina mama waendelee kunyonyesha, maana faida ilizidi hatari. Basi na wewe nyonyesha: miezi 6 maziwa yako matupu, kisha endelea pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi.

Na jambo moja la nyumbani: acheni kuchoma plastiki uani. Moshi ule una dioksini, nayo imo kwenye ile orodha ya 12. Waambieni na majirani, kwa upole. Moshi haujui ua wa nani.

Sehemu ya 7 inakuja. Maswali yenu yaacheni hapo chini, nitayajibu.