Sauti Isiyokuwa ya Diouana

Ukipata La Noire de..., filamu ya Ousmane Sembène ya mwaka 1966, hebu funga macho dakika mbili usikilize tu. Diouana ni msichana wa Dakar aliyepelekwa Antibes, kusini mwa Ufaransa, akidhani ataenda kulea watoto. Akajikuta anapika, anafua, anapiga deki. Kwa bosi anajibu maneno mawili matatu, basi. Lakini mawazo yake tunayoyasikia ni Kifaransa safi cha darasani. Tena si sauti ya Mbissine Thérèse Diop, tunayemwona kwenye skrini. Ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti.

Wapo wanaoitetea sauti hiyo: ati inatuonyesha ufasaha ambao mabosi hawauoni. Hoja nzuri, lakini mimi hainitoshi. Filamu nzima inalia kwamba mwanamke huyu amenyimwa ulimi, halafu yenyewe inamwazima wa bosi wake! Bado naipenda. Yule mtoto anayemfuata Mfaransa barabarani amevaa kinyago, bila neno lolote, anasema zaidi ya sauti yote ile ya kuazimwa.

Nadhani Sembène mwenyewe aliliona hilo. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akabeba mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa ambazo watu wengi wa kwao hawakuweza kuzisoma. Ndiyo maana alienda Moscow kusomea filamu akiwa mtu mzima. Shida ni kwamba pesa za filamu zilitoka Paris, nazo zilikuja na lugha yake.

Mwaka 1968 akatafuta njia. Mandabi aliipiga mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolof, na ya Kiwolof ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Ibrahima Dieng ametumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris. Zake mwenyewe ni 2,000 tu, lakini mtaa mzima umeshajua, na mchele umeshakopwa. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Cheti kinataka ujue tarehe uliyozaliwa. Mkenya yeyote aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" dirishani atacheka, kisha kicheko kimkwame. Fomu zote ni za Kifaransa. Hata barua ya mpwa lazima asomewe na mtu wa kulipwa. Mwishowe anayemla ni Mbaye, ndugu msomi mwenye suti. Hapa lugha si mapambo bana, ndiyo mtego wenyewe.

Miaka ya mwanzo ya sabini Sembène na Pathé Diagne wakaanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolof. Kisha ikaja Ceddo, ambamo imamu ananyakua kiti cha mfalme na binti mfalme anamuua kwa bunduki. Serikali ya Rais Senghor, mshairi wa Kifaransa, iliipiga marufuku. Wengi waliamini ni kwa sababu ya yule imamu. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia: neno hilo, serikali ilisema, liandikwe kwa d moja.

Sembène alikataa kuifuta ile ya pili.