Dawa na Waliokubali Kuipima

Mtu aingiaye soko la Gikomba, mashariki mwa Nairobi, huona jambo lenye mafunzo. Marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri, na mnunuzi mwenye busara hatosheki na sifa za muuzaji. Huigeuza nguo ndani nje, huitazama mishono, kisha huipima mwilini mwake. Nguo ile ilishonwa katika nchi ya mbali kwa kipimo cha mtu mwingine. Ikimpwaya, huipeleka kwa fundi cherehani aliye karibu, naye huipunguza. Hapana aonaye haya kwa hilo, maana kila mtu ajua kwamba nguo njema haikai vema katika kila mwili.

Dawa nayo ni hivyo. Hapa nitaeleza habari za dawa mbili zilizopimwa katika nchi yetu, moja ya kuhara na moja ya ugonjwa wa matumbo na ini, pamoja na habari za watu walioridhia zipimwe kwao.

Mwaka 1973, katika mji wa Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake waliona kwa hadubini kirusi kidogo ndani ya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha. Kwa umbo kilifanana na gurudumu, kikaja kuitwa rota, neno la Kilatini lenye maana hiyo. Kirusi hiki hakichagui tajiri wala maskini. Lakini mtoto wa maskini, akaaye mbali na zahanati, hukaukiwa na maji mwilini akafa kabla hajafikishwa kwa mganga. Kwa mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto zaidi ya 500,000 walikufa kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia.

Chanjo ya kwanza ilianza kutumika Marekani mwaka 1998, ikaondolewa mwaka 1999. Watoto wachache walipatwa na madhara mabaya: sehemu ya utumbo iliingia ndani ya sehemu nyingine, njia ikaziba. Wataalamu wakajifunza kwamba hatari iliyo adimu haionekani kwa kupima watoto wachache. Chanjo iliyofuata ikapimwa kwa watoto karibu 70,000, wengi wao wa Marekani na Finland. Habari zake zilipotangazwa mwaka 2006, ilionekana kuwa katika kila watoto 100 ambao wangaliugua vikali kwa aina za kawaida za kirusi hicho, 98 walikingwa.

Basi kwa nini chanjo hiyo isiletwe Afrika siku ile ile? Kwa sababu haikujulikana kama ingemfaa mtoto wa huku kama ilivyomfaa wa Finland. Utumbo wa mtoto akuaye mahali penye maji machafu umejaa vijidudu vingine. Chakula chake si kile, wala aina za virusi si zile zile daima. Ilipasa nguo ipimwe upya.

Upimaji huo ulianza mwaka 2007 katika Ghana, Mali na Kenya. Watoto wachanga 5,468 walitiwa ndani yake, na zaidi ya 1,300 kati yao walikuwa wa Karemo, katika Siaya. Kwa njia ya kura, nusu walipewa chanjo, na nusu matone yasiyo na dawa ndani yake. Mama hakujua mwanawe amepata yapi, wala mwuguzi hakujua, ili tamaa ya mtu isipotoshe hesabu.

Msomaji atauliza: Je, huu si ukatili, kumpa mtoto matone matupu? Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba siku ile hapakuwa na mtu aliyejua kama chanjo ingefaa hapa au ingedhuru. Kura iliwagawia wote bahati moja. Mtoto aliyeharisha akafikishwa zahanati alitibiwa, awe wa kundi hili au lile.

Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Kwa nchi zote tatu pamoja, katika kila watoto 100 ambao wangaliugua vikali, chanjo iliwakinga kama 39 tu. Yaonekana kidogo mbele ya 98. Lakini penye vifo vingi, hata sehemu ndogo ya kinga huokoa watoto wengi. Mwezi wa Julai 2014 Kenya ilianza kuwapa watoto wote chanjo ya rota.

Dawa ya pili ni ya kichocho cha tumbo. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa majini, humwingia mtu kwa ngozi, na mayai yake hukwama katika ini mpaka likakakamaa. Kwa miaka mingi watoto wa shule walipewa vidonge, lakini wadogo zao waliachwa. Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, wala havikuwa vimepimwa kwa watoto wadogo. Asiyehesabiwa katika upimaji hahesabiwi katika tiba. Kati ya 2019 na 2021 vidonge vidogo viyeyukavyo majini vilipimwa kwa watoto 288 wa Homa Bay na wa Côte d'Ivoire, tangu umri wa miezi mitatu hadi miaka sita. Vikafaa, na Desemba 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakatoa maoni ya kuvikubali.

Hata hivyo, historia yatuonya pia. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, watu weusi mia kadhaa wenye kaswende walitazamwa tu. Hawakuambiwa ugonjwa wao, na dawa ilipopatikana walinyimwa. Huo haukuwa upimaji wa dawa, ulikuwa udanganyifu. Mwaka 1964 madaktari wa dunia walikubaliana huko Helsinki juu ya kanuni za kumlinda mtu anayefanyiwa utafiti, na ya msingi ni ridhaa yake mwenyewe.

Kwa hiyo ukiitwa siku moja, au akiitwa mwanao, usikimbie wala usikubali kwa upofu. Fanya kama mnunuzi wa Gikomba. Uliza dawa hii ni ya nini, hatari yake ni ipi, kamati gani ya maadili imeikubali, nami nikidhurika nitatibiwa na nani. Uliza pia kama waweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako. Ukijibiwa vema, amua kwa moyo wako.

Kina mama wa Karemo hawakuahidiwa kwamba wana wao wangepata chanjo yenyewe. Walikubali hata hivyo. Leo mtoto azaliwaye Pumwani, mwendo mfupi kutoka Gikomba, amewekewa chanjo ya rota katika kadi yake ya kliniki, naye hajui majina yao. Nasi tulio wakubwa tusisahau deni hilo.