Nani Atampokea Mzigo?

Leo tutasoma habari ya mtu mwenye mizigo miwili: wazazi wazee na watoto wadogo.

Sheria ya Kiislamu humtaka mtu mwenye uwezo awatunze wote, wazazi wake wahitaji na watoto wake. Je, akielemewa?

Tazameni mji wa Madina, zamani za Khalifa Omar bin Khattab, aliyetawala toka mwaka 634 mpaka 644. Omar aliweka daftari la majina, watu wakapewa posho kutoka Baitulmali, yaani hazina ya Waislamu. Mtoto alipewa akiisha kuacha ziwa tu. Husimuliwa kwamba usiku mmoja Omar alisikia mtoto akilia. Mama yake alikuwa akimwachisha mapema ili apate posho. Omar akaamuru watoto wapewe tangu kuzaliwa.

Tena husimuliwa kwamba alimwona mzee kipofu, Myahudi, akiombaomba. Akamwagiza mtunza hazina amsaidie yeye na wenziwe.

Basi mmeona: mtoto na mzee wakisaidiwa, aliye katikati hupumua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ulizaneni darasani: kwenu ni nani amebeba mizigo miwili, na nani humpokea?