Wasomaji wa Riwaya Nao Wana Historia Yao

Mwaka 1960 riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipotoka, wasomaji wa Kiswahili walimkuta kitabuni mtu wa aina mpya kabisa. Bwana Msa hakuwa mfalme, wala jini, wala sultani wa nchi ya mbali. Alikuwa mtu wa Unguja, kiko mdomoni, aliyeingia katika kisa cha mauaji bila bunduki wala cheo, akauliza maswali madogo madogo na kuyasikiliza majibu mpaka mwisho. Mtungaji wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya magazeti kwa miaka mingi na kuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la wakulima wa Zanzibar. Hadithi hiyo ilimpa nafasi ya kwanza katika shindano la utunzi la 1957/58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la serikali za kikoloni za Afrika Mashariki.

Hayo yameandikwa mara nyingi. Asiyeandikwa ni yule aliyeazima nakala kwa jirani, akaimaliza usiku kwa mwanga wa chemli, na asubuhi akamfuata jirani kumuuliza alianza ukurasa gani kumshuku muuaji. Historia ya riwaya ya Kiswahili tumeizoea kwa majina ya waandishi, wachapishaji na miaka ya matoleo. Mimi naamini msomaji huyu wa kuazima, mpenda mabishano, ndiye aliyeishika riwaya mkono katika vipindi ambavyo viwanda na maduka viliiangusha, na ni haki yake naye atajwe.

Mazoea yake ni ya zamani kuliko kitabu. Hadithi kwetu ilikuwa kazi ya pande mbili, msimulizi na waitikiaji, na asiyeitikiwa hakusimulia. Gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, waliojua kusoma walikuwa wachache, kwa hiyo mwenye kujua alisoma kwa sauti na wenzake wakasikiliza, wakamkatiza, wakamrudisha nyuma. Mnamo 1929 zilitoka tafsiri za Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, kazi ya Frederick Johnson, na mwaka huohuo Alfu Lela Ulela iliyotafsiriwa na Edwin Brenn. Kizazi kizima kilijifunza kufuata kisa kirefu kwa vitabu hivyo, ingawa mashujaa wake wengi walikuwa wageni.

Washairi walikuwa na bahati ambayo wasomaji wa hadithi hawakuipata. Wao walijibizana kwa beti na magazeti yakachapisha, ndiyo maana malumbano yao tunayo hadi leo. Wasomaji wa hadithi waliyamaliza yao barazani. Hata hivyo vitabu vyenyewe vina alama za mazungumzo hayo. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Nchi yake inaelea angani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa ugenini, wakarudi na mambo mema, wakaambulia kifungo. Gavana hatajwi, Mwingereza hatajwi. Kazi ya kujaza majina kaachiwa msomaji, na hiyo ni kazi isiyofanyika peke yako: ukishajaza jina moyoni, hutulii mpaka umsikie mwenzako kajaza lipi.

Vitabu vyenyewe vilisafiri kwa shida. Tangu kuanzishwa kwake mwaka 1948, East African Literature Bureau lilizungusha masanduku ya vitabu kutoka kituo hadi kituo na kuazimisha vingine kwa posta. Baada ya uhuru Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sensa ya mwaka huo ilionyesha kwamba watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikashika kasi.

Hapa kuna jambo ambalo naona halijapewa uzito wake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Utaratibu ulikuwa mmoja nchi nzima: sikilizeni kipindi, someni kijitabu, jadilini, kisha amueni. Walijadili vyoo, mbu na maji ya kunywa, si riwaya. Lakini mtu aliyezoea kukaa na wenzake chini ya mwembe, maandishi mkononi, kila mmoja akiwa na haki ya kusema, hakupata tabu kufanya hivyohivyo alipoangukiwa na hadithi. Na hadithi zilikuwa zimeshaanza kufika.

Ya kwanza kuwagawa wasomaji kwa ukali ilikuwa Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapishwa mwaka 1971. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi na mkali. Anakuta barua ya mvulana, anampiga bintiye vibaya. Binti anayelindwa kwa fimbo anakwenda shule ya bweni bila kuwa amefundishwa lolote kuhusu wanaume, na maisha yake yanaporomoka hadi anajiua. Riwaya ilizuiwa shuleni. Sababu ilikuwa maadili: mapenzi yalielezwa waziwazi, utoaji mimba ukatajwa kwa jina lake. Kilichofuata kinaeleweka na yeyote aliyewahi kuwa mwanafunzi wa bweni. Kitabu kilichokatazwa kilisomwa kuliko vilivyoruhusiwa, ndani ya jalada la daftari, chini ya blanketi.

Naona marufuku hiyo iliwafanyia wasomaji jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Iliwalazimisha kuulizana swali lisilo na jibu la mtihani: nani wa kulaumiwa, Zakaria au Rosa? Akina baba walikuwa na jibu lao. Wasichana walikuwa na lao, na pengine ndiyo mara ya kwanza kitabu cha Kiswahili kuwapa nafasi ya kulisema jibu hilo kwa kisingizio cha kumzungumzia mtu mwingine. Hiyo ni faida kubwa ya riwaya kuliko maandishi mengine yote: msichana asiyeweza kusema "baba ananipiga" anaweza kusema "Zakaria alikosea", na mezani kila mtu akaelewa. Miaka ya baadaye kitabu kilekile kiliruhusiwa, kikafundishwa madarasani.

Wakati wasomi wakibishana juu ya Kezilahabi, mitaani mfalme alikuwa mwingine. Faraji Katalambulla alikuwa ameshafungua mlango kwa Simu ya Kifo mwaka 1965, kisa cha upelelezi cha mjini chenye mwendo wa haraka. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, na jasusi wake Willy Gamba akaingia midomoni mwa vijana. Maadui wa Gamba walikuwa makaburu na vibaraka wao. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini walionekana mitaani, kwa hiyo kijana wa Kariakoo aliyesoma Kikosi cha Kisasi, kisa kingine cha Gamba, hakuona kama anasoma mambo ya kubuni tu. Baadaye Ben Mtobwa akamleta mpelelezi wake Joram Kiango na mwenzake Nuru. Ubishi wa Gamba na Kiango, nani angemshinda mwenzake, ulikuwa ubishi halisi wa vijiweni kama wa Simba na Yanga. Baadhi ya wasomi waliviita vitabu hivi fasihi pendwa kwa sauti ya kuvidharau. Walikosea. Hivi ndivyo vilivyowafundisha makondakta, mafundi na makarani kumaliza kitabu na kutafuta kingine.

Ukibahatika kupata nakala ya siku hizo kwenye meza ya vitabu kuukuu, usikimbilie ukurasa wa kwanza. Tazama ndani ya jalada. Mara nyingi utakuta jina limeandikwa kwa kalamu ya wino, limekatwa, chini yake jina la pili, nalo limekatwa, la tatu lina onyo: kikipotea utalipa. Jalada lenyewe limeshonwa kwa uzi au kubandikwa gundi ya mpira, na kurasa za mwisho ndizo zilizochakaa zaidi, kwa sababu kila msomaji alizirudia. Hakuna takwimu ya mauzo inayoweza kumhesabu mmoja kati ya watu hao.

Kuazimana huko kulikuwa hitaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na East African Literature Bureau likaondoka nayo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huohuo hadi 1983. Vitabu vingi vilikuwa vikichapwa Nairobi na wasomaji wengi walikuwa Tanzania. Lango likafungwa katikati yao. Kisha fedha za kigeni zikaadimika, karatasi ikaadimika, na wachapishaji waliobaki wakaelekeza nguvu kwenye vitabu vya shule, ambavyo vilikuwa na mnunuzi wa hakika. Hata katika hali hiyo zilitoka kazi nzito. Kuli ya Shafi Adam Shafi, juu ya mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa 1948, ilitoka mwaka 1979. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilifuata 1980.

Magazeti ndiyo yaliyoziba pengo. Hadithi za kuendelea zilikuwapo tangu zamani, lakini magazeti binafsi yalipozagaa Tanzania miaka ya 1990, ukurasa wa hadithi ukawa sababu ya kununua gazeti. Eric Shigongo alijijengea jina kwa njia hii, akikatiza kisa mahali ambapo moyo wa msomaji uko juu na kuweka neno moja: Itaendelea. Tendo hilo dogo liliwapa watu wiki nzima ya kubuni wenyewe kitakachofuata, saluni, gereji, kwenye foleni ya maji. Leo kazi hiyo imehamia kwenye simu. Watunzi wanatuma sehemu moja moja kwenye makundi ya WhatsApp na wasomaji wanalipia kwa pesa za simu. Masikio yamerudi pia, kwa simulizi za sauti zinazosikilizwa kazini.

Jambo linaloniuma katika historia hii yote limetokea darasani. Kenya na Tanzania, riwaya teule za mtihani ndizo pekee ambazo vijana wengi huzisoma katika maisha yao. Zimewahi kuwamo nzuri sana: Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Vuta N'kuvute ya Shafi, Mfadhili ya Hussein Tuwa. Lakini mwanafunzi huletewa mwongozo kabla ya kitabu. Humo dhamira zimeshaorodheshwa, wahusika wameshapewa sifa zao, matumizi ya lugha yamehesabiwa. Kijana anakariri kwamba mhusika fulani ni mwenye huruma, akiwa hajapata nafasi ya kumchukia. Akimaliza kidato cha nne anavigawa vitabu kwa wadogo zake na hagusi tena riwaya. Walimu nisiwalaumu, wana madarasa ya wanafunzi wengi na mtihani unawasubiri. Ila riwaya isiyobishaniwa haikusomwa.

Nje ya darasa dalili ni njema. Soma Book Café ya Mikocheni, Dar es Salaam, imewapa wasomaji mahali pa kukaa na kitabu na kukizungumza. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imewafikisha kwa wasomaji waandishi wapya, akiwamo Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwi yake. Mwaka 2023 Tanzania nayo ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na ilipofika nyumbani waliosoma kitabu walikuwa na mengi ya kuwaambia waliotazama tu, hasa kuhusu wahusika wake Yasmin na Denge, na kama Denge alimpenda binti huyo kuliko alivyoipenda siasa yake.

Kisha kuna Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakachapisha tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya 1994. Ni kitabu cha kusoma na wenzako. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, amekua katika nyumba na misafara ya tajiri huyo, na mwishoni kabisa, askari wa Wajerumani wanapopita wakikusanya watu, anatoka mbio kuwafuata. Gurnah anamwacha hapo, anakimbia. Anayesema ni woga uliomkimbiza atafute ukurasa unaomuunga mkono. Anayesema ni aibu ya kubaki, naye atafute wake.